Maji Niliyowachujia Wageni

Siku ya zile chupa, mwanangu, ninaikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyopewa diploma yangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na kisima cha avenyu yetu kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Ninakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka kumi na mmoja tu, na najua hapo umecheka. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu hiyo inatosha. Jana ulikuwa na ile fomu ya wageni mkononi, yenye maswali kuhusu maji, vumbi na magonjwa ya nyumbani, ukaniambia: "Mama mudogo, bageni banakuyaka, banaandika, banaenda. Nitaweka tu 'hakuna shida' kila mahali, tumalize." Nilijifanya nasikiliza redio. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta jibu lisilo na uongo ndani yake, na mimi hutafuta polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Leo nimelipata, au nimepata sehemu yake.

Nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na licence, shahada ya kemia, bila kazi. Nilikaa kwa Mama Ngoie, mama wa avenyu aliyenipokea kama mwanawe, yule ambaye wewe ulimjua akiwa tayari anatembea kwa fimbo. Wakati ule alikuwa bado na nguvu. Kwa miaka mingi alikuwa ameosha madini katika kijito kilicho chini ya mtaa, akiwapokea vijana waliotoka kuchimba, wengine wa Kasai, wengine wa Maniema, kila mmoja na gunia lake kichwani. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imepasuka hata asiweze kukanda bukari, ugali wetu, bila kufunga vidole kwa kitambaa. Lakini mikono hakuilalamikia. Alichokilalamikia ni kisima, kwa sababu kijito kile kikijaa kilimwagikia kisimani, na batoto wa avenyu nzima walikunywa hapo. Alikuwa ameingia ofisi baada ya ofisi. Kila mahali alijibiwa swali lile lile: "Mama, preuve iko wapi?" Ushahidi wa karatasi hakuwa nao. Alikuwa na mikono yake tu, na mikono haipigwi muhuri.

Ndipo ukaja mpango wa pamoja. Maabara moja ya Ulaya, wataalamu kutoka Zambia wanaoujua uchafu wa shaba kama tunavyoujua sisi, na watu wa hapa Kolwezi, walikubaliana kupima visima vya mitaa. Mitaa yenye maji mabaya zaidi ingechimbiwa kisima kirefu chenye pampu. Aliyekuja kwetu na sanduku la chupa alikuwa Mzambia, Mama Mulenga. Yeye na Mama Ngoie walianza kuongea Kibemba kabla hata ya kukaa, na dakika tano hazijapita walikuwa wanacheka kuhusu waume. Mimi, mwenye licence, niliachiwa chupa. Maagizo yalikuwa mafupi: chota, jaza, funga, usichuje. Yeye angepita mitaa mingine, na sanduku lingechukuliwa kesho yake.

Kesho yake ndiyo ile siku ya mvua.

Nilisimama kisimani na chupa mkononi, nikaanza kufikiri, na unajua mimi nikianza. Nilifikiri: wataona maji haya na watasema hawa watu wanaishi kama nguruwe. Nikafikiri tena: hapana, watasema yule binti hakujua kuchota, amekoroga tope la chini. Nikamfikiria Mama Mulenga, na viatu vyake safi, na namna alivyopokea maji ya kunywa nyumbani kwetu kwa mikono miwili. Maji hayo tulikuwa tumeyatuliza kwenye bidoni, dumu letu la plastiki, tukamimina ya juu, tukayapitisha kwenye kitambaa. Hakuna nyumba ya hapa inayompa mgeni maji kama yalivyotoka kisimani. Ni aibu.

Basi nikayabeba maji nyumbani. Nikayatuliza, nikayachuja, nikajaza chupa. Zilipendeza. Nilizifuta hata kwa nje.

Baada ya miezi kadhaa tuliitwa kwenye mkutano wa komini, serikali ya eneo letu, huko Manika. Mtu wa ofisi alisoma orodha ya mitaa itakayopata kisima. Wa kwetu haukuwamo. Maji yetu, alisema, yanavumilika.

Mama Ngoie alisimama. "Tata, ile maji unasoma ni ya wapi?"

"Ni ya kwenu, mama. Ni mashine ilipima."

"Basi mashine ilikunywa kwa jirani."

Watu walicheka. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Mama Ngoie, miaka yote unasema maji ni mubaya, leo maji yenyewe imekukana." Wakacheka zaidi. Yeye alibaki amesimama kidogo, akitazama huku na huku kama mtu aliyesahau njia ya mlango, kisha akakaa. Mimi nilikuwa karibu naye. Nilitazama viatu vyangu. Ningeweza kusema pale pale, na sikusema, na kosa hilo la pili naliona kubwa kuliko la kwanza.

Nilimwambia siku iliyofuata, akiwa anachambua sombe, kisamvu cha jioni.

"Mama, zile chupa. Nilichuja."

Hakuacha kazi. "Ulichuja na nini?"

"Na kitenge."

"Kitenge gani?"

"Ile ya bluu. Ya fête, ya sikukuu."

"Kumbe ata kitenge ya fête ilitoka." Akachambua majani mengine mawili matatu. "Sikia, we mutoto. Mugeni wa kunywa, unamupa maji ya safi. Ule hakukuya kunywa. Alikuya kuona maji yenye batoto banakunywa. Miaka yote mi nilikuwa naomba mutu mumoja tu aone. Akakuya, weye ukamufunga macho na kitenge."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

Nikamwambia nitafikiri namna ya kuwajulisha. Akasema, "Kufikiri hapana. Andika." Nikaandika kwenye simu. Nilieleza mvua, nilieleza desturi, niliomba msamaha mwanzoni, katikati na mwishoni. Akataka nimsomee. Sikufika nusu. "Hii ni barua ao ni matanga? Sema ulifanya nini, omba chupa zingine." Nikabakiza mistari mitatu, nikaituma kwa Mama Mulenga kabla kidole hakijabadili nia.

Siku mbili zilipita bila jibu. Katika siku hizo nilikwisha kufukuzwa, kushtakiwa na kuandikwa magazetini, yote kichwani mwangu. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa Mama Mulenga, kwa Kibemba. Alikuwa anacheka. Alisema kwao, upande wa Kitwe, mama mkwe wake mwenyewe alifanya vile vile, tena yeye alitia na majani ya mchaichai. Alisema kosa lilikuwa lake pia, maana hakukaa kisimani nami. Akasema chupa zinakuja.

Mara hiyo alikuja mwenyewe, na tukangoja mvua pamoja. Ilipokatika, wanawake wa avenyu yote walitoka, na Mama Ngoie ndiye aliyechota. Aliinua chupa juu, tope likizunguka ndani, akasema, "Kamata picha."

Majibu yaliporudi yalikuja na barua yenye sahihi za watu wa nchi tatu. Mmoja wa wale waliokuwa wakiuliza preuve aliisoma, akairudia, kisha akamwagizia Mama Ngoie kiti. Mwanangu, nimekifikiria sana kile kiti. Yale aliyoyasema mama yule miaka yote na yaliyoandikwa kwenye karatasi ni mamoja. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuwa peke yake. Kulikuwa na Mzambia aliyeweza kusema haya tumeyaona kwetu, na maabara ya mbali ambayo hakuna mtu wa hapa angeweza kuitia hofu.

Sitakudanganya kwamba mambo yaliisha vizuri. Mashine ya kuchimba ilikaa mpakani muda mrefu hata tukaisahau. Kisima kilipatikana, na pampu yake huharibika, kama sasa, tunangoja kipuri. Kijito bado ni cha rangi ile ile. Mikono ya Mama Ngoie haikupona kamwe. Nimekaa katika mikutano mingi tangu wakati huo, nimekula biskuti nyingi za mikutano, na nimechoka. Siku nyingine nikiona gari la wageni linaingia avenyu, natamani kufunga mlango na kulala.

Lakini wewe uliletwa kwetu ukiwa na miaka kumi na mitano, na maji uliyokunywa hapa ni ya kisima kile kirefu. Hukuwahi kuyanywa yale ya chai ya maziwa. Ndiyo maana inakuwa rahisi kwako kuandika "hakuna shida".

Nasaha yangu ni hii. Wageni wa kweli na wa uongo huja na gari la namna moja, na hutawatambua kwa sura, kwa hiyo usipoteze siku kuwapima. Wewe toa kilicho chako kama kilivyo. Andika kwamba pampu imekufa. Andika kikohozi cha baba yako na tarehe kilipoanza. Ukikosea, sema mapema na kwa ufupi, maana wenzako wa mbali hawawezi kukusahihishia wasichokijua. Wakienda na wasirudi, aibu ni yao, na wanaokuja baada yao watakuta umeshaandika. Lakini ukiwachujia, hata yule mmoja aliyekuja kwa moyo atarudi kwao akiwa na maji mazuri, atasema huku hakuna shida, na atakuwa amesema ulichomwambia wewe.

Fomu nimeiweka juu ya meza, karibu na bidoni. Kalamu iko ndani yake.

Mungu akupe maji safi ya kunywa, mwanangu, na akupe mdomo usioona aibu kuyataja yale machafu. Akupe rafiki ng'ambo ya mpaka anayecheka kabla ya kukulaumu. Na mikono yako, naomba, izeeke ikiwa mizima.