Kaka yangu alisoma daftari langu la utafiti mbele ya kijiji

Admin, ficha jina langu, nina hasira na naogopa pia. Mimi ni mwanamke wa miaka 35, mwalimu wa Uraia sekondari hapa Kasulu, mama wa watoto wawili. Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa, nimebakiza tasnifu tu.

Utafiti wangu unahusu wanawake wanavyosikilizwa, au wasivyosikilizwa, kwenye mikutano ya kijiji. Nilienda kijiji kimoja upande wa Mabamba kwa sababu nimezaliwa huko, na Kiha changu hakihitaji mkalimani. Nikafikia kwa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji. Akina mama niliowahoji niliwaapia mmoja mmoja kwamba majina yao hayatajulikana. Kwenye daftari niliwaandika kwa namba. Kosa langu, nalikiri, ukurasa wa mwisho niliweka majina halisi mbele ya zile namba nisije nikachanganya.

Nimerudi Kasulu kufundisha, baada ya wiki mbili napigiwa simu: kaka amesimama mkutanoni na picha za daftari langu kwenye simu yake. Akasoma maneno ya mjane mmoja, nimwite Mama Neema, neno kwa neno: "Mwenyekiti akiona mwanamke amenyoosha mkono, anaangalia pembeni kama ameona mbwa." Watu wakacheka. Kisha akamtaja jina. Wiki hiyohiyo kipande chake cha bondeni, anacholima maharage miaka yote, kikagawiwa mtu mwingine.

Jumamosi nikapanda basi. Nilimkuta kaka anakunywa chai, wala hakushtuka.

"Ulifungua begi langu?"

"Begi lilikuwa nyumbani kwa nani?" akanijibu. "Baba alipofariki nani alikulea? Nani alikupeleka shule? Leo unaniletea siasa zako za vitabuni, unakusanya watu wanitukane chini ya paa langu!"

Sijawahi kumpandishia kaka sauti, siku hiyo nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia: "Umelea mtu, hukununua mtu!"

Nikaenda kwa Mama Neema. Hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu, si uliniapia?"

Nikaanza kulia. Akanikatiza. "Usinililie hapa. Jina langu limeshatoka kwa kuchekwa, sasa lipeleke huko chuoni litoke kwa heshima. Andika mimi ni nani. Andika na yeye ni nani, na shamba alilonipora. Usinifiche tena."

Msimamizi wangu chuoni nilimweleza yote. Akasema jina haliandikwi hata mwenyewe akitaka, maana wenzake walioongea watajulikana kirahisi. Akanitaka nipeleke taarifa rasmi kuhusu daftari kuvuja, na huenda sura nzima ikafutwa. Sawa, taratibu nazielewa. Lakini Mama Neema atabaki na nini? Mimi nipate shahada kwa maneno yake, yeye akose maharage?

Nikasema basi nimsindikize kwa mkuu wa wilaya Kibondo akalalamikie shamba, nami niwe shahidi. Mama yangu mzazi aliposikia akanipigia: "Ukisimama kumshitaki kaka yako kwa serikali, siku nikifa usije kunizika." Mama huyohuyo hajawahi kuongea kwenye mkutano wa kijiji hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ndugu wasomaji, msiniambie damu nzito kuliko maji, nimeshaambiwa na ukoo mzima. Nimsindikize Mama Neema nipoteze mama na kaka, au ninyamaze nivae joho? Mama Neema hupiga kila Jumapili kuuliza tunaenda lini. Jumapili iliyopita niliiangalia simu ikiita mpaka ikakata. Niambieni ukweli, hata kama ni wa kunichoma.