Nilinonesha samaki na mashudu ya alizeti Bomet, na baba tayari ameshika jembe

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai. Nimesoma nyuzi za watu wakilia na bei ya chakula ya samaki, nikakumbuka yangu ya miaka ya tisini. Ni ukweli mtupu, sitaongeza chumvi hata punje.

Nilikuwa nimemaliza form four, msichana, first born, niko tu nyumbani. Chini ya shamba yetu kulikuwa na kinamasi. Nikachimba pond na jembe, mimi mwenyewe, nikaweka tilapia.

Sasa sisi Wakipsigis wakati huo, samaki haikuwa chakula, ilionekana kama nyoka ya maji. Majirani waliniita Mama Nyoka. Imagine!

Baba akaniambia, "Nakupatia mpaka mvua ya Machi. Hiyo vitu ikikataa kunona, naziba shimo napanda chai." Na baba akisema, amesema.

Mimi nilijua ng'ombe tu. So nikawapa samaki dairy meal, ile chakula ya ng'ombe ya maziwa. Miezi minne, samaki ni kichwa tupu, mwili hakuna.

Mama Otieno, bibi ya fundi wa kiwanda ya chai, akanunua mbili. Kesho yake akarudi amekasirika. "Msichana, hizi zimekunywa mafuta yangu yote kwa kikaango! Samaki mzuri anatoa yake. Kwani huwapi omena?"

Omena, wale dagaa wa ziwa, huku ilitoka mbali, na watu wa kuku walikuwa wanainyakua yote.

Lakini Silibwet kulikuwa na mzee wa kukamua alizeti na mashine ya mkono. Mashudu yake, yale makapi ya mbegu, yalibaki na mafuta bado. Akaniuzia, akaniongezea mafuta chafu ya chini ya mtungi.

Na ujuaji wangu, nikamwaga hiyo mafuta moja kwa moja kwa maji! Asubuhi samaki wako juu wanahema. Wakuu, nililia. Nikashinda nikiitoa na gunia, nikifungulia maji ya mto.

Ndio nikaanza kutwanga mashudu, nachanganya na unga ya mahindi na kijiko ya mafuta, nafinyanga vidonge, naanika kwa jua.

Walinona, jameni! Shida ni moja, vidonge vilikuwa vinapungua pale juani. Nikalaumu kuku.

Machi ikafika. Baba akashuka na jembe na kamba ya kupimia, uncle nyuma amebeba miche ya chai. Mimi niko ng'ambo ya pond na Mama Otieno, chakula mkononi.

Baba akakanyaga ukingo tu, maji yakachemka. Samaki wote wakaniacha, wakakimbilia kwake, midomo wazi.

Uncle akamwangalia. "Kwani hawa wanakujua?"

Baba akaangalia mawingu. Halafu akaingiza mkono kwa koti, akatoa vidonge vyangu. "Nikipita hapa saa ya kukamua ng'ombe, hawa samaki wananiangalia vibaya," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Otieno akakaanga mmoja hapo hapo, na safari hii kikaango kilijaa mafuta ya samaki mwenyewe. Baba akaonja mkia. Akaomba tumbo.

Miche ilipandwa huko juu, kwa nyasi ya ng'ombe wake mwenyewe. Mpaka leo najivunia hiyo siku kuliko cheti yoyote niko nayo.

Somo: mafuta iingie kwa chakula, si kwa maji. Na nyinyi mnalisha nini huko kwenu? Semeni hapa chini. Na kama mzee wako anapinga mradi yako, kagua mfuko ya koti yake kwanza.