Magadi ya Mama Mkwe

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana watu wa kwetu wamejaa humu, wanasoma kimya kimya kisha wanakuja kukuuliza kisimani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili, Neema na mdogo wake wa kiume ambaye ndiye ninayemlilia hapa. Majina nimebadilisha. Tunaishi nje kidogo ya Shelui, nyumba moja na mama mkwe. Na kabla hamjaanza na hadithi zenu za mama wakwe, wangu ni mama kweli. Nilipojifungua Neema kwa shida, yeye ndiye aliyenifulia na kunilisha. Hilo ndilo linaloniua.

Mume wangu alikuwa anachaji betri za malori hapa barabarani. Betri zilizokufa zikawa zinarundikana, mpaka rafiki yake mmoja akamfundisha kuzipasua na kuyeyusha zile sahani za ndani ili apate risasi, yale madini mazito, auze. Mkaa ni ghali na kuukata siku hizi ni kesi. Lakini maganda ya alizeti, Singida hii nani hana? Kwenye mashine za kukamua mafuta yanamwagwa mlima mzima. Basi akachimba tanuri nyuma ya nyumba, akawa anachoma kwa maganda na mabua ya alizeti, anapuliza kwa mivukuto, na risasi inachuruzika chini nzito kama uji. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kutazama akasema kijana ana akili, anatumia taka kuokoa taka. Na mimi nilivimba kichwa, sitawadanganya.

Mwanangu alikuwa anaongea kama redio. Akaanza kunyamaza. Mara tumbo linamkata, choo hapati, akitembea anaanguka. Tulihangaika na dawa za minyoo mpaka tukafika hospitali kubwa. Damu ikapelekwa kupimwa mbali, na majibu yaliporudi daktari akauliza, "Mama, mtoto ana sumu ya risasi mwilini. Nyumbani mnafanya kazi gani?" Mume wangu alilia mbele za watu, mwanaume mzima.

Alirudi nyumbani akavunja tanuri, akachimba shimo refu, akafukia kila kitu. Tukaosha kuta, tukachoma nguo zake za kazi. Mtoto akapata nafuu kule wodini, akacheka, akadai viatu vyake. Tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Haukupita muda, tumbo likaanza tena. Tulipomrudisha daktari akanikazia macho. "Hiyo kazi mmeacha kweli?" Nikaapa. Akasema, "Basi kuna kitu bado anakula." Akatupa dawa, tukarudi naye nyumbani.

Kwa msio wa huku, mlenda wetu, ile mboga ya kuteleza, haupikwi bila magadi, na mama wa zamani hanunui magadi dukani. Anaweka majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, anamimina maji, yanachuja taratibu na kutoka rangi ya chai. Hayo ndiyo magadi. Na majivu yanayosifiwa kwa ukali ni ya alizeti. Kopo hilo nimelikuta jikoni tangu naolewa, nilikuwa nalipita tu.

Siku moja mchana nikamkuta mama mkwe nyuma ya jiko anachota majivu kwenye kiroba. Nikamuuliza, "Mama, haya ya wapi?"

"Si yale ya tanuri la mumeo," akasema, tena kwa furaha. "Alitaka kuyafukia yote, nikaokoa kiroba hiki. Majivu ya alizeti matupu unafukia, mwanangu, una wazimu? Na huyu mtoto bila mlenda wangu hali kitu."

Kumbe tangu tanuri lianze alikuwa anachota majivu yale yaliyochanganyika na risasi, anatengenezea magadi. Sisi wengine tulikula pia, lakini huyu mdogo ndiye aliyelishwa mchana na jioni, tonge kwa tonge, kwa mkono wa bibi yake.

Nilimwambia mume wangu shambani. Alikaa chini kwenye matuta. Akasema, "Mama asijue. Ukimwambia, umemuua." Tukafukia kile kiroba tukamdanganya kwamba mbuzi wamekipasua, upepo umepeperusha majivu. Alisikitika kidogo, kisha akasema, "Haidhuru. Mama Hawa nilimgawia debe zima. Nitaenda kumwomba."

Mama Hawa ni jirani yetu wa ukuta. Binti yake Hawa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, na mimba ile inamkataza kila kitu isipokuwa mlenda. Wiki hii analalamika tumbo. Mama mkwe anasema ndivyo mimba ya kwanza ilivyo. Nilipomsihi mume wangu tuwaambie, alisema, "Tukisema, hatuna pa kuishi hapa. Acha, majivu yataisha yenyewe." Nikamuuliza, yataisha tumboni mwa nani? Akatoka nje.

Leo mchana Mama Hawa kaja na bakuli kalifunika kwa kitambaa. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, akanipa pole ya kuuguza. Akasema, "Mpe mjukuu wangu mlenda huu ungali wa moto. Magadi ni yale yale ya bibi yake, hata Hawa kamaliza sahani nzima."

Nilishukuru. Mdomo wangu huu ulishukuru. Nimelificha bakuli chini ya kitanda na nimekaa juu yake naandika, na mama mkwe yuko uani ananiita, "Mama Neema, mtoto keshakula? Lete mimi nimlishe."

Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mnijibu. Nikifungua mdomo nammaliza mama aliyenilea, nikinyamaza namzika Hawa na mwanawe. Nishaurini ndugu zangu, nikiinuka hapa kitandani naanza na mlango upi, wa mama mkwe au wa Mama Hawa?