Prosesa Iliyopoa Ghafla

Kompyuta yangu ya gemu ilikuwa inachemka, wallahi, ungeweza kuteleka chai juu yake. Niliijenga mwenyewe nyumbani Bwera, kipande kwa kipande, katika miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Prosesa yake, kile kidude kinachofanya hesabu zote, niliitafuta soko la mpakani Mpondwe mpaka wauzaji wakanichoka. Ilikuwa na nguvu ajabu. Lakini nikicheza gemu ya mpira kidogo tu, joto linapanda hadi nyuzi tisini na tano, kisha mashine inazimika, pu!

Nilihangaika. Nikageuza feni ya nyuma itoe hewa moto, nikaongeza nyingine mbele ivute hewa baridi, nikafuta grisi iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Joto likashuka nyuzi tano, likagoma hapo.

Basi nikampelekea mashine rafiki yangu, mtoto wa jirani niliyekua naye, ambaye siku hizo alikuwa na chumba cha gemu na ufundi mjini Kasese. Akapiga kifua: "Wachia mimi, ndugu. Itapoa."

Ikarudi imepoa kweli. Nyuzi hamsini na nane! Nikamsifu Bwera nzima. Gemu ilikuwa inakwamakwama, ndiyo, lakini akaniambia kwa simu, "Hiyo ni shida ya gemu, mashine iko sawa," nami zezeta nikaamini. Nikaifuta gemu na kuiweka upya mara sijui ngapi.

Siku moja nikaifungua kompyuta nitoe vumbi. Nikang'oa feni, nikapangusa grisi, nikasoma maandishi juu ya prosesa. Lo! Haikuwa yangu. Aliniwekea kijiprosesa dhaifu, cha kompyuta ya kuandikia barua. Kilikuwa baridi kwa sababu hakikuwa na nguvu ya kuchemka.

Asubuhi yake nikaenda Kasese. Nikamkuta anacheza, kompyuta yake imevuliwa ubavu, feni ya mezani inaipulizia kwa nguvu zote. Joto lilionekana kwenye kona ya kioo: tisini na tatu. Nikamwambia anirudishie prosesa yangu.

"Ndugu, wewe ulilia joto," akasema. "Mimi nikatoa joto. Sasa unalia nini tena?"

Wateja wake wakaangua kicheko. Tulikula sahani moja tangu utotoni, na yule mtu hakusimamisha hata gemu anitazame.