Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Kilichoninyima usingizi wiki hii si bei ya kadi ya picha, ingawa nayo imenichosha. Nimemaliza chuo, kazi sina, na ninaunganisha kompyuta ya kuchezea michezo kwa vipande vya mtumba. Aliyeniuzia kadi hapa Kamembe aliniambia, "Hii inapumuaka. Usiifunike." Tangu hapo najiuliza: je, niseme, au nimechelewa mno?

Unakumbuka sebule za zamani, rafiki yangu. Hakuna kilichoachwa wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, televisheni chake, hata migongo ya viti. Bibi alivifua vyote Jumamosi na kuvitia wanga mpaka vikakakamaa. Alisema kitu kisichofunikwa ni cha mtu asiye na watu wake.

Jirani yetu, mzee fundi wa redio, ndiye aliyeunganisha kompyuta ya kwanza mtaani. Chumba chake kilijaa redio za watu, kwa hiyo aliiweka sebuleni kwa bibi, nasi watoto wote tukawa na ruhusa ya kuichezea. Vipande vilitoka Bukavu, kimoja kimoja, ndani ya kikapu cha mama mmoja mchuuzi aliyevuka daraja la mpakani kila asubuhi na nyanya na kurudi na vitenge. Tulimngoja huku tukichambua maharage sakafuni. Harufu ya risasi ya kuchomelea ilichanganyika na ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa uani, na mpaka leo sijui ipi ilinitia njaa zaidi.

Kadi ya picha ilifika mwisho, baada ya miezi. Siku nne tulicheza mpira kwenye kioo, tukipiga kelele kama uwanjani.

Jumapili nilikuwa naongoza mabao mawili bibi alipoita twende kanisani. Mchezo ule haukuhifadhika. Kuzima ni kupoteza. Na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba wa mwisho anafunika. Nikafanya yote mawili: nikaiacha ikiwaka, nikaifunika, tena kwa kitambaa kikubwa kilichokunjwa mara mbili, mpaka nyuma inakotolea joto.

Tuliporudi, sebule ilinuka plastiki iliyoungua. Nilitangulia kuingia, nikatoa kitambaa, nikakikunja, nikanyamaza.

Mzee aliifungua kompyuta, akainusa kadi iliyoungua, akamngoja mchuuzi mlangoni.

"Maman, umeniletea kitu kibovu."

"Mzee, miye sikuleta kitu ya kuharibika. Ilivuka daraja muzima."

"Pua yangu haidanganyi."

"Basi hiyo pua yako, uiunganishe kwenye hiyo kompyuta, tuone kama itacheza mpira!"

Watoto walicheka. Mimi nilitazama maharage. Mama yule hakupita tena kwetu, na mzee aliwaambia mafundi wenzake wasimtume kitu. Kikapu chake kikabaki na vitenge tu.

Bibi amefariki. Vitambaa vilienda na wageni wa msiba, kimoja kimoja. Wenzangu wa sakafuni wametawanyika, na siku hizi kila mtu anachezea simu yake, kimya, kwenye kona yake. Nimechoka kuvikumbuka vitu hivi kana kwamba vilikuwa vitamu tu. Nimejibishana na nafsi yangu mno: nitamwaibisha bibi kaburini, labda wamesahau, nianze kwa nani? Lakini juzi, sokoni, nilimwona yule mama akiona mzee anakuja, akageuza kigoda chake, akampa mgongo.

Jana nilienda kwa mzee nikasema yote, nimesimama, kabla hajanikaribisha kiti.

Alimalizia kukaza skrubu ya redio kwa bisibisi.

"Miaka yote hii, mwanangu?"

"Niliogopa, Mzee."

Aliweka bisibisi chini, akavaa kofia yake. "Twende sokoni. Utasema mbele yake, na miye nitasema yangu."

Nikatangulia.