Uongo wa Vanamala

Vanamala, mwalimu wa shule pale Dharwad, India, ndiye aliyemsimulia hadithi mdogo wake Raghottam tangu utotoni. Raghottam akahamia Kanada, akawa mwandishi maarufu wa riwaya. Vanamala akabaki kumuuguza mama yao. Kila Jumapili mdogo wake alipiga simu kuulizia mambo ya nyumbani, ayatie katika riwaya yake mpya.

"Dada, mwarobaini wetu huchanua lini?"

"Desemba," Vanamala akamdanganya kwa wivu, ili aumbuke. Kwa kweli ulikuwa ukichanua Machi.

Kitabu kikatoka, na magazeti yakausifu mno ule mwarobaini wa Desemba. Vanamala akampigia simu.

"Nilikudanganya, wewe!"

Raghottam akacheka. "Nilijua, Dada. Si nimekulia chini yake? Lakini uongo wako ulikuwa mtamu, nikauchukua."

Vanamala akakata simu. Hata uongo wake sasa ulikuwa umempa sifa mdogo wake.