Kamba Mikononi mwa Mkwe

Mabonga alianza kuvunja mawe katika machimbo ya njia ya Sugoi nywele zake zikiwa bado nyeusi. Nyumba nyingi za zamani hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret, zile zilizojengwa kabla ya matofali ya simiti kuvamia mji, zina jiwe lililopita mikononi mwake. Sisemi hivyo kumsifu. Kazi ile haikumpa chochote ila mgongo mgumu na kikohozi cha vumbi. Lakini ilikuwa kazi inayoeleweka. Unapiga, jiwe linapasuka, linapakiwa kwenye lori, linakuwa ukuta wa mtu.

Mwenye machimbo, mzee Kipkirui, alipofariki, mwanawe Kipyego alirudi kutoka Nairobi. Alisimama ukingoni mwa shimo akautazama ukuta wa mwamba, mweusi na mrefu, ambao miaka mingi ya nyundo na baruti ilikuwa imeuacha wima. Akasema hapo pana biashara. Nyundo zikafungiwa stoo. Watu wa mjini wangekuja kuupanda ule mwamba kwa kamba, na wangelipa.

Nilipoambiwa nilidhani ni mzaha. Siku hizi watu hutoa pesa zao kupanda mahali ambapo wengine walilipwa kupabomoa. Na wakifika juu hawana walichokifuata huko. Hawatafuti asali wala mbuzi aliyepotea. Wanapiga picha, wanashuka, wanakula soseji.

Katika wavunja mawe wote, Kipyego aliwabakiza wawili. Wa kwanza alikuwa Obonyo, mtu wa Ziwani, mwenye mdomo usiochoka. Mkono wake wa kulia ulibaki na vidole viwili tangu baruti ilipomuwahi, kwa hiyo alipewa lango. Wa pili alikuwa Mabonga. Yeye aliambiwa atawasaidia wanaoanza, kwa kuwa mwamba anaujua, lakini kwanza ajifunze kuupanda mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha awe amefika kwenye pete ya chuma iliyo juu na kushushwa salama. Akishindwa, arudi kwao.

Kwao ni Chwele, na Chwele hakukuwa na cha kurudia. Shamba ndugu zake walikwisha kuligawa wakati yeye yuko huku akivunja mawe, wakamwachia upande wa kaburi la mkewe. Mwanawe wa pekee, Kituyi, yuko Qatar akilinda majengo, na hupiga simu anapokumbuka. Nani angemwajiri mzee wa kukohoa? Mabonga akavaa mishipi ya mapajani kama mtoto anayefungwa nepi, akaanza.

Mtu wa tatu pale alikuwa Cynthia, mke wa Kituyi. Obonyo ndiye aliyepeleka jina lake kwa Kipyego, akidhani anatenda wema, kwa maana binti wa watu alikuwa na mtoto mchanga na hana kazi. Alikuwa mwepesi na mwenye mikono imara. Akajifunza kamba haraka kuliko wote, akafanywa mshika kamba, yule anayesimama chini na kubeba uzito wa mpandaji kwa kamba iliyopitishwa kwenye pete ya juu. Mabonga alipata habari siku alipomkuta langoni na kofia ngumu kichwani.

Kwa wasiojua, na siku hizi wasiojua ndio wengi, nieleze. Kwa Wabukusu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, na mzee haingii nyumba ya mkwewe hata mvua inyeshe. Wala si chuki. Ni heshima ile iliyowawezesha watu kuishi boma moja miaka na miaka bila kuchafuana. Zamani boma lilikuwa pana, na heshima ilikuwa na mahali pa kupita. Huku Pioneer Mabonga na Cynthia walipanga vyumba vinavyopakana, ukuta mmoja, bomba moja la maji, choo kimoja. Mimi naishi ng'ambo ya ua, nimewaona. Mzee alikohoa kabla ya kupita mlango wake. Cynthia aliweka chakula cha mzee juu ya kigoda nje, akaingia ndani na kufunga mlango, ndipo Mabonga akatoka kukichukua. Walisemezana kupitia kwa mtu mwingine, au kupitia kwa mtoto ambaye hata kuongea hajui: "Mwambie babu chai iko tayari." Katika mji huu uliowabana kama gunia, walikuwa wamebakiza upana wa kigoda kimoja.

Ndiyo maana Mabonga alimtuma Obonyo kwa Kipyego na sharti moja: Cynthia asimshikie kamba. Wengine wote awashikie, yeye hapana. Kushika kamba ya mtu, alisema, ni kumshika mtu mwenyewe, tena ni kumbeba.

Kipyego alimwendea akicheka. "Mzee, kamba haijui mkwe ni nani." Lakini alikubali, akaahidi atamshikia mwenyewe.

Basi Mabonga akawa anajifunza. Ilikuwa taabu kumtazama. Mtu aliyezoea kulipiga jiwe sasa alitakiwa kulibembeleza. Kila jioni alirudi na vidole vilivyochubuka, akivichovya kwenye maji ya chumvi. Kipyego alimfundisha kwamba uzito ukae miguuni, mikono ni ya kujizuia tu, na kwamba anayelikumbatia jiwe huchoka upesi. Mabonga alilikumbatia. Obonyo aliacha lango wazi aje kuona.

"Liachie, Mabonga. Hilo hukulilipia mahari."

"Wewe chunga geti lako. Ng'ombe wataingia."

"Ng'ombe waingie wapi? Wao wana akili, hawapandi ukuta."

Kilichomshinda zaidi kilikuwa kushuka. Ukifika juu hushuki kwa mikono. Unatakiwa uuachie mwamba, uegemee nyuma, uketi hewani kwenye mishipi yako kama mtu anayeketi kitini, na aliye chini akuteremshe polepole. Mwili wa mtu mzima unakataa. Alianza kuketi akiwa juu kidogo tu ya kimo cha mlango, Kipyego akiwa chini yake, na hata hapo macho aliyafumba. Siku zilivyokwenda akaweza kuketi juu zaidi. Alinieleza kwamba alikuwa akijiambia: aliyeshika ni mwanamume, kijana wa Kipkirui, na baba yake nilimfanyia kazi, hataniangusha.

Mwezi ukawa unakaribia kwisha. Asubuhi ya siku yake mwamba ulikuwa umekauka baada ya mvua. Kipyego akashika kamba, Mabonga akaanza kupanda. Alipanda vibaya lakini alipanda. Alipita alama za patasi alizozitia mwenyewe zamani, akatia vidole humo humo. Karibu na juu mwamba unatokeza tumbo kidogo. Hapo alikaa muda mrefu akihema, uso kwenye jiwe, kisha akajivuta, akaigusa pete.

Alipokuwa anahangaika na lile tumbo, gari la wageni lilikuwa limeingia langoni, watu wa kampuni fulani waliotaka kuleta wafanyakazi wao. Kipyego alikuwa amewangoja wiki nzima. Cynthia alikuwa amesimama hapo karibu. Kipyego akampokeza kamba, akasema anarudi sasa hivi, akapanda gari pamoja na wageni kuwaonyesha eneo la juu, kule nyuma ya kilima. Ahadi aliyompa mzee haikumjia kichwani. Kwake ilikuwa mzaha wa wazee tangu mwanzo.

Mabonga akaita kwamba amefika, ashushwe. Akatazama chini kati ya miguu yake, akaona kitambaa cha kijani cha Cynthia.

Cynthia alikuwa ameinamisha uso. Kamba ilikuwa mikononi mwake na hakuweza kuiachia, kwa maana kuiachia ni kumuua mzee. Mabonga naye hakuweza kuiegemea. Kuteremka kwa mikono na miguu hakuweza, lile tumbo lilikuwa limeficha kila mahali pa kukanyaga. Na juu ya pete mwamba ulikuwa laini kama sahani. Akaukumbatia. Mashavu yote mawili, alisema, yalikuwa yanasikia baridi ya jiwe kwa zamu.

Obonyo akaja mbio kutoka langoni. Cynthia akamsemesha yeye, bila kuinua macho.

"Mwambie Baba aketi."

"Mabonga, anasema uketi."

"Mwambie nitamngoja Kipyego."

"Anasema atamngoja Kipyego."

"Mwambie Kipyego amepanda gari. Na mikono ya Baba inachoka."

"Anasema ameenda na wageni. Na mimi nasema vidole vyako vinateleza, naviona kutoka hapa."

"Shika wewe, Obonyo."

Obonyo akainua mkono wake wa vidole viwili juu, amwonyeshe. Kisha akafoka. "Nyinyi watu mnaogopa wake za watoto wenu kuliko baruti. Kaa chini, mwanamume wewe, tuzike wengine, si wewe."

Mabonga alinisimulia aliyoyafikiria pale. Angeanguka, kamba ingemdaka hata hivyo, na angekuwa amebebwa na mkwewe bila hiari, kama gunia. Angeketi, angekuwa amebebwa kwa hiari yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. Na angengoja, mikono ingeamua. Alitafuta njia ya nne kwenye lile jiwe alilolijua maisha yake yote, asiione.

Hapo Cynthia akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe. Alimsemesha mzee moja kwa moja.

"Baba, nimegeuka. Naangalia ile miti. Sikuoni. Keti."

Mabonga akatazama. Kweli alikuwa amegeuza shingo kabisa upande wa mikaratusi, kamba ikiwa imebanwa nyongani mwake kwa mikono yote miwili. Yeye aliyefundishwa kwamba mshika kamba asimwondolee mpandaji macho hata chafya ikimjia, alikuwa anatazama miti.

Mzee akafumba macho, akaachia.

Kamba ikakaza. Cynthia akainuliwa kidogo kwenye vidole vya miguu, kwa kuwa mzee ni mzito kuliko yeye, kisha akatulia. Akaanza kumteremsha bila kumwona, na Obonyo akawa macho yake. "Polepole. Bado. Kuna jiwe, ngoja, apite. Haya. Bado. Sasa miguu." Mabonga akagusa ardhi akabaki amesimama vile vile, mgongo kwao. Fundo la kamba lilikuwa limekazika kwa uzito wake na vidole vyake havikuwa na nguvu ya kulifungua. Cynthia hakuweza kumkaribia. Obonyo akalifungua kwa vidole viwili na meno, akitukana kwa Kijaluo, na hakuna aliyecheka.

Kipyego aliporudi na wageni wake aliambiwa mzee amefika kwenye pete na kushushwa. Akampiga bega. "Umepita, mzee. Nilikuambia ni rahisi."

Kosa la namna ile kwao lilikuwa na dawa. Mabonga alikumbuka tangu utotoni: wazee wa pande mbili walikutana, akachinjwa kondoo, yakasemwa maneno maalumu, na watu wakarudi kuishi. Siku yake ya mapumziko alikwenda Chwele kumtafuta mzee pekee aliyebaki mwenye kujua maneno hayo. Alimkuta hai, ameketi juani, amevikwa blanketi. Mzee alimuuliza yeye ni mwana wa nani. Akaambiwa. Akafurahi sana, akauliza tena. Maneno yote yalikuwa yamekufa ndani yake, na hakuna kijana aliyekuwa amekaa naye kuyapokea. Mjukuu wake alitoa simu masikioni kwa muda, akashauri waende kwa pasta. Pasta aliombea wote kwa jumla na kusema kwamba katika Kristo hakuna mambo ya kale. Mabonga akarudi Eldoret na kosa lake kama alivyokwenda nalo.

Kuacha kazi hakuweza. Cynthia naye hakuweza, mtoto alihitaji kula. Kipyego, kwa kuwa lilikuwa limefanyika mara moja na mwamba haukuanguka, hakuona tena sababu ya kumshikia mzee yeye mwenyewe. Kila asubuhi Mabonga alipanda kufunga kamba za wageni kwenye pete, na kila asubuhi Cynthia alimshika akitazama mikaratusi, Obonyo akihesabu hatua kutoka langoni. Walikuwa wamejitengenezea heshima mpya kutoka kwenye vipande vya ile ya zamani, na mimi nilianza kudhani huenda ikadumu.

Kisha mgeni mmoja akalalamika. Alisema ameona mshika kamba akitazama pembeni wakati mtu yuko juu, na kwamba mahali hapa si salama. Mgeni alikuwa na haki, siwezi kumlaumu. Kipyego akawaita wote wawili. Akasema mshika kamba humtazama mpandaji tangu anapoondoka chini hadi anaporudi, na asiyeweza hilo aende nyumbani.

Sasa Cynthia anamtazama.

Jioni, hapa Pioneer, bado anaweka kikombe cha chai juu ya kigoda, anaingia na kufunga mlango. Nikiwa upande wangu wa ua namwona Mabonga akiwa amesimama chumbani mwake, gizani, akingoja kitasa cha mlango wa Cynthia kilie. Wakati mwingine kitasa hulia naye bado hungoja, mpaka chai inapoa.